Chumba cha Mgongoni

"Lala vizuri, fundi, nyoosha miguu. Hicho ndicho kitanda, siyo vile vya gesti, mtu unalala kama barua ndani ya bahasha."

Mwenye yadi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama mteja wake aliyelala chali huku viatu vyake vikining'inia nje ya godoro asije akalichafua. Watu walimwita Hamna Shida, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mtu, awe ameuliza kama gari litapona au kama kuna choo. Yadi yake ilijaa vyumba vya kupachika mgongoni mwa pikapu, vya bati, vya mbao, vya fibaglasi, vimekalishwa juu ya mapipa na magogo, kila kimoja na mlango wake na kidirisha chake. Ukisimama getini ungedhani ni mtaa mzima uliobebwa ukatua hapo kupumzika.

Fundi mizani alikuwa anatazama dari. Ilikuwa mara yake ya tatu asubuhi ile kuingia ndani ya chumba kile kikubwa, na kila alipoingia alipata sababu mpya ya kutotoka. Kilikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kichwa cha gari na kingine huku nyuma, kipana, cha chini, cha mtu asiyeweza ngazi. Kilikuwa na meza ya watu wawili. Kilikuwa na sinki, na juu ya sinki dirisha, na kwenye dirisha pazia la maua ya njano ambalo mtu fulani alilishona kwa mkono. Miaka kumi na tisa alikuwa ameosha kikombe chake kwenye mabomba ya nyumba za wageni, uso kwa uso na ukuta. Hakuwahi hata siku moja kuosha kikombe huku akitazama nje.

"Baba yupo?" aliuliza.

"Yupo. Anazunguka gari."

"Bado?"

"Hamna shida. Mwache mzee anyooshe miguu."

Aliinuka, akachungulia kupitia pazia la maua. Baba yake alikuwa anaizunguka pikapu nyeupe, kofia imekaa upande. Akifika kwenye tairi anasimama, analigusa kwa ncha ya kiatu, anaendelea. Alikuwa akizunguka hivyo tangu walipofika, na vumbi lilishaanza kuonyesha njia yake.

Kazi ya kutengeneza mizani ilikuwa ya baba kabla haijawa ya binti. Enzi zake mzee alikuwa akiutia mfuko wa misumari kiganjani, anafumba macho, anautaja uzito wake, na waliobisha walimnunulia soda. Ndiye aliyemfundisha binti yake kushika kisu cha mizani, kile chuma chembamba kinachobeba mkono wake, bila kukigusa makali, na kwamba mizani kubwa ya ghala haipimwi katikati peke yake, inapimwa pembe zote nne, kwa sababu wizi hupenda pembeni. Binti aliposhika kazi, alishika na njia: soko hadi soko, bucha hadi bucha, zahanati zenye mizani za watoto wachanga, na msimu wa mavuno ukifika, maghala. Msimu huo ulikuwa unaanza Jumatatu. Wiki sita barabarani. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Miaka miwili sasa akili ya mzee ilikuwa inatoka kidogo kidogo, ila miguu yake haikupewa habari. Alitembea. Mlango ukisahauliwa nusu dakika, hayupo. Wiki iliyopita walimkuta kilomita nane kutoka nyumbani, kwenye kituo cha mafuta, ana kiatu kimoja, anawaamuru wahudumu wamletee pampu zao azikague. Kaka mtu, fundi cherehani anayeshonea pale pale sebuleni, aliporudi naye alitoa drili, akafunga komeo kwenye mlango wa chumba cha mzee. Kwa nje.

Fundi alirudi safari siku ya Alhamisi, akalikuta. Mchana kutwa alisikia kitasa kikizungushwa kutoka ndani: chini, juu, chini, juu, taratibu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kifaa ambacho ana hakika kitatengemaa. Ilipofika saa kumi aliinuka, akafungua, akamwambia kaka yake kuwa Jumatatu anaondoka na baba. Kaka yake hakuinua macho kwenye mshono. "Utamlaza wapi?" alisema. "Kwenye kiti cha mbele?"

Na kweli kiti cha mbele ndicho mahali pekee duniani ambapo mzee alitulia. Mkalishe pale, washa gari, na ile mikono yake inayotafutatafuta inalala mapajani. Lakini mtu halali wiki sita kwenye kiti.

"Haya," Fundi alisema, akashuka. "Kina uzito gani hiki?"

"Mia nne na hamsini. Karatasi hiyo hapo." Hamna Shida alipigapiga kibandiko kilichofifia kando ya mlango.

"Kinyanyue."

"Nini?"

"Una chenibloku pale. Kinyanyue nikipime."

"Fundi, hiyo ni karatasi ya kiwandani!"

"Basi hamna shida."

Hamna Shida alicheka kwa kunaswa na neno lake mwenyewe, akaenda kuvuta minyororo. Fundi akatoa kwenye gari ile mizani yake ya kuning'iniza, ya tani moja, inayotundikwa kati ya ndoano na mzigo. Wakati mwenye yadi akihangaika na kamba, alimwita baba yake.

"Baba, njoo kidogo. Hiki unakionaje?"

Mzee alikuja. Alikitazama chumba kutoka juu hadi chini, akaweka kiganja kwenye ukuta wake, akafumba macho. Ulikuwa ni mkono ule ule wa zamani, na kichwa kimeinama vile vile.

"Mia mbili," mzee alisema.

"Mia mbili?"

"Mia mbili kamili."

"Na kile kidogo pale?"

"Mia mbili." Halafu akamgeukia Hamna Shida, akampima kwa macho. "Na huyu mia mbili."

"Mzee kanikosea kidogo tu!" Hamna Shida alishika tumbo lake, akacheka hadi akakohoa. Fundi naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya na uso wake. Kisha akageukia ndoano.

Chumba kikubwa kilinyanyuka sentimita chache, kikalia, kikayumba, kikatulia. Mizani ilisoma mia sita na kumi na nane.

Hamna Shida alisogea, akasoma, akasogea karibu zaidi kana kwamba tarakimu zingeona haya. "Mizani yako nzima hiyo?"

Fundi alimtazama tu.

"Haya, haya. Unajua, karatasi ilibandikwa hakijatiwa kitu. Kabati, sinki, friji, vyote viliwekwa baadaye. Na mbao zinakunywa maji, fundi. Mvua ngapi zimekipiga hapa?"

Walishusha kikubwa, wakanyanyua kidogo. Mia tatu na kumi na mbili.

Hakuhitaji karatasi kupiga hesabu ile; alikuwa ameipiga usiku na mchana tangu Alhamisi, akibakisha nafasi ya tarakimu moja tu. Pikapu yake ilibeba kilo elfu moja na si zaidi, watu wakiwemo. Yeye na baba yake walikuwa mia na thelathini na mbili. Maji, gesi, nguo, matandiko na chakula, mia na thelathini. Sanduku la zana, thelathini na tano. Na mawe ya mizani, yale ya chuma, kumi na mawili, kila moja kilo ishirini. Ukiweka na chumba kidogo, gari linabaki na pumzi. Ukiweka na kikubwa, limezidi kwa mia na hamsini na tano.

"Ongeza springi," alisema Hamna Shida. "Nina kijana wangu anaongeza pleti mbili kila upande, saa moja tu. Linasimama kama meza."

"Springi zitaninyanyua. Breki atanishikia nani?"

"Basi punguza mizigo. Hayo mavyuma yote ya nini?"

Aliyatazama yalivyopangwa nyuma ya gari, meusi, vishikio vimeng'aa kwa mikono ya watu wawili. Akiyaacha manane nyumbani, hesabu inakaa. Wapo mafundi waliozunguka na mawe manne tu. Walipanga yote manne katikati ya mizani ya ghala, wakapiga muhuri, wakanywa chai ya mwenye ghala wakaondoka. Mkulima akileta magunia yake ya mwaka mzima yakawekwa pembeni, shauri yake. Yeye hangeweza. Kwa mawe manne angebaki na mabucha na maduka, na maghala angepewa mwingine.

Upande wa pili, kile kidogo kilikuwa na kitanda kimoja tu, juu, cha kupanda ngazi. Chini kulikuwa na kabati, sinki na friji ndogo upande huu, benchi upande ule, na benchi lenyewe fupi, hata mtoto wa darasa la tano angelala amejikunja. Chumba cha mtu mmoja. Hicho ndicho kingemfaa yeye, miaka yote ile, laiti angekuwa peke yake.

"Ngoja niingie tena," alisema.

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

Aliweka mguu kwenye ngazi, akageuka kumwambia baba yake asiende mbali. Njia ya duara ilikuwepo kwenye vumbi. Mzee hakuwepo.

*

Mwanzoni alimtafuta kama mtu anavyotafuta funguo, kwa kurudia mahali pale pale. Ndani ya pikapu. Chini ya pikapu. Alifungua milango ya vyumba kimoja baada ya kingine, akiita, na kila chumba kilimjibu kwa harufu ya godoro lililofungiwa. Hamna Shida alikimbilia nyuma ya yadi. Mlinzi wa geti alikiri kwamba ndiyo, mzee mmoja ametoka, kamwamkia vizuri sana, kasema amechelewa.

"Kaenda upande gani?"

Mlinzi alionyesha kushoto kwa kidevu.

Alikimbia. Funguo za gari zilibaki zikining'inia kwenye kabati la Hamna Shida, alikozitundika walipofika, na hakuzikumbuka mpaka alipokuwa ameshapita maduka ya matairi, ameshapita wachomeleaji, mwanamke wa miaka arobaini na nane na ovaroli lenye grisi akikimbia kandokando ya barabara huku watu wakimpisha. Kila mgongo wa mzee aliouona ulikuwa wa mzee mwingine. Aliuliza. Kofia ya kijivu? Mikono nyuma? Kapita. Kapita sasa hivi. Anatembea haraka huyo, mama, kama anadai mtu.

Alimpata baada ya maduka kuisha, mahali ambapo barabara ilibaki na majani tu pembeni. Malori yalipita karibu naye kiasi kwamba upepo ulimvua kofia nusu, naye akaishika bila kupunguza mwendo.

"Baba! Baba, simama!"

"Nimechelewa," mzee alisema.

"Umechelewa wapi?"

"Kwa watu."

Alimshika mkono, akamgeuza. Mzee aliuvuta mkono, na alipobanwa aliurusha, ukampata Fundi chini ya jicho. Haukuwa mzito. Lakini hakuwahi kupigwa na baba yake, hata utotoni, na wote wawili walisimama wakitazamana kama watu waliogongana kwenye mlango wa duka.

"Samahani, mama," mzee alisema.

Zamani alimwita mama kama baba yeyote anavyomwita binti yake. Siku hizi Fundi hakujua tena ni mama yupi anayeitwa. Pengine ni yeye, pengine ni marehemu bibi, pengine ni mwanamke yeyote tu wa barabarani aliyestahili heshima. Mzee aliweka kofia yake sawa, akaendelea kutembea.

Naye, kwa kuwa hakuwa na gari wala nguvu ya kumbeba, alitembea kando yake. Alijiweka upande wa malori. Walitembea hivyo dakika ishirini, dakika thelathini. Mzee alisema habari za mtu aliyekuwa akipunguza shaba kwenye mawe yake ya mizani kwa tupa. Akasema mvua itanyesha. Akauliza kama wamefika. Kidogo kidogo hatua zake zilifupika, kisha, bila mtu kumwambia, aliketi kwenye ukingo wa daraja dogo, akavua kiatu, akakung'uta mchanga.

"Twende nyumbani," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Pikipiki iliwakuta hapo. Kaka yake alikuwa nyuma ya dereva, tepu ya kupimia bado shingoni, nyuzi za buluu zimeganda kwenye shati. Hamna Shida ndiye aliyempigia. Alishuka, akamtazama baba, akamtazama dada yake na alama iliyoanza kuvimba chini ya jicho.

"Kakupiga."

"Siyo kitu."

"Mke wangu pia, baba kampiga mara mbili. Hukuambiwa. Nilisema usiambiwe." Alikaa upande wa pili wa mzee, mbali kidogo. "Sasa umeona? Saa mbili tu umekaa naye, mdogo wangu, saa mbili, ameshakupotea. Wiki sita utafanyaje?"

"Nyumbani je? Utamfungia komeo mpaka lini?"

"Mpaka afe!" Kaka mtu alisema kwa nguvu, kisha akamtazama baba yake kwa hofu. Mzee alikuwa anafunga kamba ya kiatu, kwa uangalifu wa mtu anayefanya kazi ya watu. Kaka yake akashusha sauti. "Wewe unakuja na zawadi, unakaa siku mbili, unaondoka. Mimi ndiye ninamuosha. Nikiwa nashona nina jicho moja kwenye sindano, moja mlangoni. Nimejidunga mara ngapi? Siku ile nilipofunga lile komeo nilikosea tundu mara tatu. Unadhani nilipenda?"

Lori lilipita, kisha jingine.

"Sijasema ulipenda, kaka," Fundi alisema.

"Kimepatikana hicho chumba, angalau?"

"Kipo kikubwa. Kina meza. Kina sinki na dirisha." Alisita. "Kina pazia."

"Basi si umchukue nacho?"

"Kimezidi uzito. Ili kikae, niache maghala." Alijifuta jasho kwa kiwiko cha ovaroli. Alikuwa anamtazama mzee, ambaye alishamaliza kufunga kiatu na sasa alikuwa amesimama, anatazama upande barabara inakoelekea, uzito wake wote uko kwenye vidole vya mbele. "Nimekitaka tangu asubuhi, kaka. Nimekilalia kitanda chake mara tatu. Nilikuwa najiambia ni kwa ajili ya baba. Baba hata hajaingia ndani. Hata kuchungulia hakuchungulia."

Kaka yake alivuta uzi mmoja wa buluu kwenye shati, akauzungushia kidoleni.

"Na hicho kidogo?" aliuliza.

*

Jumapili asubuhi walikipasua kile kidogo ndani. Hamna Shida alileta nyundo na mtaimbo, akalalamika kwa kila msumari uliong'oka, kwamba sinki zima linatupwa, kwamba kabati kama lile halipatikani tena, lakini alifanya kazi kuliko wote na hakukubali kulipwa kwa siku ya Jumapili. Friji ilitoka. Sinki likatoka, na bomba lake, na kabati, na benchi, na kitanda cha juu. Kilipobaki kitupu kilikuwa kifupi na cheupe ndani kama bati la mkate. Fundi alisimama katikati, akanyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili.

"Vitanda viwili vya chini," alisema. "Ukutani huku, na ukutani huku. Jiko nitapikia nje."

"Mvua ikinyesha?"

"Tutakula mkate."

Kaka yake aliingia na tepu. Alipima urefu, akapima upana, akaandika kwenye kiganja. Halafu alitoka nje kwa baba yao, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele cha pikapu na mlango wazi, akamwomba ainuke. Mzee alisimama wima kama mtu anayeshonewa suti. Kaka mtu alimpima bega kwa bega, akapima kutoka kisogoni hadi kisiginoni, akapitisha tepu kifuani polepole, mara ya pili, ingawa kitanda hakihitaji kifua.

"Umepungua, baba," alisema.

"Wewe ni fundi nani?" mzee aliuliza.

"Fundi wa hapa hapa."

"Unashona vizuri?"

"Najitahidi, mzee wangu."

"Basi suruali isiwe ndefu."

"Haitakuwa ndefu."

Mbao zilikatwa. Vitanda vilipowekwa, nafasi iliyobaki kati yake ilikuwa ya magoti mawili. Mtu asingeweza kuufikia mlango bila kupita miguuni pa aliyelala upande wa mlangoni, na upande huo Fundi aliuchukua yeye. Mchana ule kaka yake alishona magodoro mawili membamba ya sponji, ya kitambaa kilichobaki cha sare za shule, buluu yote. Wifi alikuja na sufuria, blanketi, mfuko wa dawa za mzee ulioandikwa saa zake kwa kalamu nyekundu, na sanduku la sabuni.

"Wifi, kila kitu hapa nakipima," Fundi alisema.

"Na sabuni utaipima? Unamjua baba yako akianza kujimwagia chai? Weka."

Aliweka. Walipokuwa wakibeba pamoja lile blanketi, wifi alimgusa chini ya jicho kwa ncha ya kidole, palipovimba. Yeye mwenyewe alikuwa na kovu dogo kwenye mdomo ambalo Fundi aliliona kwa mara ya kwanza.

Mawe yote kumi na mawili yaliingia chini ya vitanda, sita huku, sita huku.

*

Jumatatu waliondoka baada ya chai. Kaka yake hakutoka nje kuwaaga. Mashine yake ya kushonea ilikuwa inalia sebuleni, inalia moja kwa moja bila kupumzika, kama mtu anashona kitambaa kisicho na mwisho. Mzee alikalishwa kiti cha mbele, akafungwa mkanda, mikono ikalala mapajani. Barabara kuu ilikuwa imeshajaa. Fundi aliendesha kilomita thelathini huku sikio lake moja likiwa nyuma, akisikiliza mbao mpya zinavyozoeana. Gari lilikuwa zito kuliko alivyolizoea. Lilichelewa kushika mwendo, likachelewa kuuachia.

Kwenye mizani ya magari waliingizwa foleni nyuma ya malori. Mhudumu wa zamu alimjua kwa miaka. Mara mbili Fundi alikuwa amemtengenezea mizani ya dukani kwa mkewe.

"Fundi! Umehama nyumba?"

"Nimehama nayo."

"Haya, panda tukuone."

Alipanda juu ya chuma, akazima gari. Tarakimu zilikimbia kwenye kioo, zikarudi nyuma, zikasimama. Alizisoma mwenyewe kabla mhudumu hajazitamka. Chini ya kiwango kwa kilo mia na sitini. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Friji ile, sinki, kabati. Hata dirisha dogo na kikombe vingeenea. Ila kitanda cha baba kisingepata nafasi.

Mlango wa abiria ulifunguka.

Mzee alishuka kwa adabu, akaufunga nyuma yake, na tarakimu kwenye kioo zikashuka kwa kilo hamsini na nane. Alipita mbele ya gari, akamsalimia mhudumu, akatoka kwenye eneo la mizani akashika ukingo wa barabara, mikono nyuma.

"Fundi, mzee anaondoka!"

"Namwona."

Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango, umeshakibonyeza. Mzee hakuwa anarudi walikotoka. Alikuwa anaelekea kule kule ambako ghala la kwanza lilikuwa, kilomita tisini mbele, na alikuwa na kofia yake, na viatu vyote viwili.

"Nimtume mtu amrudishe?" mhudumu aliuliza. "Fundi? Nitume mtu?"

Aliuachia mlango. Atachoka mwenyewe, kama juzi kwenye lile daraja, na kiti chake kitakuwa nyuma yake. Aliwasha gari, akashuka taratibu kutoka kwenye chuma, akatia gia ya kwanza, akawasha taa za tahadhari. Alimkaribia hadi ikabaki nafasi ya gari moja kati yao, akabana pembeni kabisa, tairi moja kwenye majani. Malori yalipiga honi yakimpita. Dereva mmoja alitoa kichwa akasema neno. Ndani ya chumba sufuria moja ilikuwa imeanguka, inabiringika huku na huku sakafuni, na hakusimama kwenda kuiokota. Aliteremsha kioo. Kupitia muungurumo wa injini alisikia viatu vya baba yake kwenye kokoto, sawasawa, bila haraka.

Mbele barabara ilipinda kulia, ikafichwa na majani marefu. Mzee alifika kwenye kona, akainua mkono mmoja kama anayemsalimia mtu upande wa pili, akapinda nayo. Fundi alikanyaga mafuta kidogo, akapinda.